Mafuriko ya Naili na Samaki wa Bahari

Bahari ya Kati, kwa upande wake wa mashariki, ina maji ya buluu yapendezayo macho. Msomaji asidanganywe na uzuri huo. Maji yaangazayo hivyo ni maji yenye njaa: yana uhaba wa naitrojeni na fosforasi, ambazo ndizo chakula cha fitoplanktoni, yaani mimea midogo mno ielekeayo majini, isiyoonekana kwa jicho tupu. Mimea hiyo huliwa na viumbe wadogo, nao huliwa na samaki. Mimea ikikosa chakula, njaa hupanda daraja kwa daraja hata ikafika katika wavu wa mvuvi.

Hata hivyo, kwa karne nyingi wavuvi wa Misri walivua samaki tele mbele ya milango ya Mto Naili, huko Rashid na Dumyat. Neema hiyo ililetwa na mafuriko. Kila mwaka mvua za milima ya Ethiopia ziliufurisha mto, nao ukachukua matope yenye rutuba hata baharini. (Maji ya ziwa letu la Viktoria nayo hufika huko, lakini huwa yamekwisha kuacha matope yake njiani.) Kati ya Agosti na Oktoba fitoplanktoni ilisitawi ghafula, na sadini, samaki wa jamii ya dagaa, wakaja makundi kwa makundi kula karamu hiyo.

Mwaka 1960 Wamisri walianza kujenga bwawa kuu la Aswan; mwaka 1964 maji yakaanza kuzuiwa, na kazi ikamalizika mwaka 1970. Nia ilikuwa njema, na faida yake haikanushiki. Ukame mkubwa ulipoishika Ethiopia katika miaka ya 1980, mashamba ya Misri hayakukosa maji. Lakini matope yalituama nyuma ya bwawa. Mwaka 1962 sadini waliovuliwa walikuwa kadiri ya tani 18,000. Mwaka 1968 hawakufika hata tani 500. Mvuvi aliyerithi chombo cha baba yake alitweka tanga, akarudi mikono mitupu, kwa sababu ya ukuta uliokuwa mbali naye mwendo wa siku nyingi.

Ajabu ni kwamba tangu miaka ya 1980 samaki walianza kurejea. Mafuriko hayakurudi. Mtaalamu wa Marekani, Scott Nixon, alieleza kuwa chakula kipya cha bahari kilitoka mashambani na mijini: mbolea ambayo wakulima waliitia kwa wingi, na maji machafu ya Kairo na Alexandria, miji iliyokuwa ikikua upesi. Kwangu mimi, badala hiyo si sawa na neema ya kale. Ziwa Maryut, karibu na Alexandria, lilipokea uchafu kupita kiasi. Mimea ikasitawi, ikafa, ikaoza, na kuoza kwake kukaimaliza oksijeni iliyomo majini, hata samaki wakafa kwa kukosa pumzi.