Kitabu Kizuri kwa Kauli ya Nani? Wasomaji na Mapendekezo ya Vitabu Muheza na Pwani ya Tanga, 1875–1975

Utangulizi

Historia ya fasihi andishi ya Kiswahili imezoea kufuata nyayo za watunzi na wachapaji: nani alitunga, lini, na nani alichapa. Msomaji aliyemwambia mwenzake “kisome hiki” hutajwa kwa nadra, ilhali bila kauli yake kitabu hubaki kabatini hata kama kimechapwa vizuri namna gani. Makala haya yanaichunguza kauli hiyo katika eneo dogo: Muheza, yaani nchi ya Wabondei, pamoja na mji wa Tanga ulio kiasi cha kilomita 40 kutoka hapo. Eneo hili limechaguliwa kwa sababu mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 zilikutana humo njia tatu za usomaji zisizofanana: miswada ya hati za Kiarabu, vitabu vya misheni ya Magila, na gazeti la shule ya serikali ya Wajerumani. Kila njia ilikuwa na watu waliojiona wana haki ya kusema kipi kinafaa kusomwa. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba haki hiyo haikuwahi kukaa mikononi mwa taasisi peke yake, na kwamba mtafiti anayesoma orodha za wachapaji tu ataikosa nusu ya historia.

Chuo kabla ya kitabu

Katika Kiswahili cha karne ya 19 neno chuo lilitumika sana kwa maana ya kitabu, na mwanachuoni alikuwa mtu aliyevizoea vyuo. Leo chuo ni jengo, tena lenye mkuu na ada. Mabadiliko hayo ya maana yanafaa kukumbukwa, kwa kuwa kwa wasomaji wa Tanga wa wakati ule chuo kilikuwa kitu cha kushikwa mkononi, kuazimwa na kunakiliwa. Aliyeusikia utenzi ukisomwa akaupenda alikuwa na njia moja ya kuupata: kumwomba mwenye nao aruhusu unakiliwe. Kunakili ni kazi ya siku nyingi. Hakuna pendekezo lenye uzito kuliko la mtu aliyekubali kukaa na kalamu na wino kwa ajili ya beti mia kadhaa.

Mfano ulio wazi ni wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy wa Tanga. Utenzi wake juu ya vita vya Wadachi, unaosimulia upinzani wa pwani wa 1888 na 1889 chini ya Abushiri bin Salim na wenzake, ulitungwa karibu na matukio yenyewe, lakini ulikuja kuchapwa miongo mingi baadaye kwa juhudi za J. W. T. Allen, ambaye alikusanya miswada katika nyumba za watu wa pwani. Kwa zaidi ya nusu karne uhai wa utenzi huo haukutegemea mchapaji yeyote. Ulitegemea watu walioona unastahili kutunzwa na kusomewa wengine, chini ya serikali ileile uliyoisimulia ikiiteka nchi. Tenzi nyingine za Hemedi, ukiwemo ule wa Abdirrahmani na Sufiyani, zilisafiri kwa njia hiyohiyo. Wanaofanya uhakiki wa matini huzihesabu tofauti za nakala kuwa tatizo la kutatuliwa. Kwa mwanahistoria wa usomaji, kila nakala ni ushahidi kwamba mtu fulani alishawishika.

Magila na magazeti yake

Misheni ya UMCA ilipata kibali cha kujenga Magila katika miaka ya 1860, na kuanzia 1875, wakati wa John Farler, kituo hicho kikaimarika. Vitabu vilitoka Unguja, kwenye mtambo wa Edward Steere. Hazina ilikuwa ndogo: Hadithi za Kiingereza (1867), ambazo ni masimulizi yaliyotokana na tamthilia za Shakespeare, hadithi za Unguja alizozichapa Steere mwaka 1870, Agano Jipya zima kufikia 1883, halafu Biblia kamili 1891, pamoja na vitabu vya sala na vya shule. Msomaji wa Magila, kwa hiyo, hakuwa na tatizo la kuchagua katikati ya vingi. Tatizo lake lilikuwa kujua kilichopo na lini kitafika.

Hapo ndipo magazeti yalipopata kazi. Msimulizi, lililoanzishwa Kiungani, Unguja, mwaka 1888, liliandikwa na wanafunzi wenyewe na kupokea barua za wenzao waliokwisha kuwa waalimu katika vituo vya mbali, Bonde ikiwemo. Barua hizo si uhakiki wa vitabu kwa maana ya leo. Ni habari: shule imeendaje, nani amefika, nani amefariki. Hata hivyo zilimfunza mwalimu aliyekaa peke yake kijijini kwamba wapo wasomaji wengine, wenye majina, wanaosoma maneno yaleyale mwezi uleule. Katikati ya miaka ya 1890 Magila ikapata gazeti lake, Habari za Mwezi, nalo likaendelea hadi vita vilipolikatiza. Kutoka hapo Bonde haikuwa tena mwisho wa njia ya vitabu vya Unguja. Yenyewe ikawa mahali panapotoka maneno yaliyochapwa.

Ni kweli kwamba wamisionari ndio walioamua kipi kichapwe. Lakini mapadri Wazungu walikuwa wachache na vijiji vingi. Kijijini, aliyeshika kitabu alikuwa mwalimu Mbondei, na ndiye aliyechagua hadithi ya kusoma jioni kwa sauti. Wasikilizaji wake hawakuwa na nakala. Pendekezo lake lilikuwa ndilo somo lenyewe.

Kilomita 40 za reli

Reli kutoka Tanga ilifika Muheza mwaka 1896. Ingetarajiwa kwamba magazeti na vitabu vingepanda gari moja na kuwaunganisha wasomaji wa pande mbili. Haikuwa rahisi hivyo. Shule ya serikali ya Tanga, iliyoanza mapema miaka ya 1890, haikufundisha dini, na wanafunzi wake wengi walikuwa Waislamu wa pwani walioandaliwa kuwa makarani, waalimu na maakida. Magila iliitazama shule hiyo kwa mashaka, na wazazi wengi wa pwani waliitazama Magila kwa mashaka makubwa zaidi. Shule ya Tanga nayo ilikuwa na mtambo wa chapa, na kutoka hapo likatokea Kiongozi, gazeti lililoanza mnamo 1904 au 1905 na kudumu hadi 1916.

Kiongozi lilikuwa sauti ya serikali, na halikuficha hilo. Ila kurasa zake zilijazwa pia na waandishi wa Kiafrika kutoka sehemu nyingi za koloni, walioleta habari za miji yao na mashairi. Mashairi hayo yaliyokusanywa upya katika Kala Shairi (2002) yameonyesha jinsi watunzi walivyozitumia bahari za zamani kwa mambo mapya, mara nyingi kwa kuwasifu watawala. Wahakiki wengine wameyapuuza kwa sababu ya sifa hizo. Kuyapuuza ni kosa. Kwa mara ya kwanza shairi la mtu wa Tanga liliweza kusomwa Bagamoyo au Tabora katika kipindi kifupi, kwa hati za Kilatini, na asiyemjua mtunzi. Msomaji aliyekuwa akipokea chuo kutoka mkononi mwa jamaa sasa alipokea shairi kutoka kwa mgeni, na ilimbidi aamue mwenyewe kama ni zuri.

Vita vya 1914 viliharibu njia zote mbili. Waalimu Waafrika wa UMCA walikamatwa na kufungwa kwa kushukiwa kuwa upande wa Waingereza. Miongoni mwa waliofungwa wakati huo alikuwa pia Martin Kayamba, mtu wa Bonde aliyesoma Kiungani. Maisha yake yanaeleza vizuri zaidi kuliko takwimu yoyote jinsi mipaka ya wasomaji ilivyoanza kufifia: mwaka 1922 alianzisha Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali, kilichowaweka pamoja Wakristo waliotoka misheni na Waislamu waliotoka shule ya serikali. Mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge, na mwaka uliofuata kikachapwa kitabu chake, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Kwa msomaji wa Muheza hiki hakikuwa kitabu cha Shakespeare kilichosimuliwa upya. Kilikuwa cha mtu ambaye ukoo wake ulijulikana. Kukipendekeza kulikuwa pia kumtaja jirani.

Kibali na barua

Mambo Leo lilianza Dar es Salaam Januari 1923, chini ya Idara ya Elimu, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi 1930. Kuanzia hapo kitabu cha shule kilihitaji kibali cha Kamati, na kibali hicho kilichapwa ndani ya kitabu chenyewe. Katika miaka hiyo zilitokea tafsiri zilizomo bado katika kumbukumbu za wazee: Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina (zote 1929), kisha Safari za Gulliver (1932). Kibali kilisema Kiswahili cha kitabu ni sahihi. Hakikusema kitabu kinapendeza, wala hakikuweza.

Lililobaki lilifanywa na wasomaji. Ukurasa wa mashairi wa Mambo Leo ulikuwa uwanja wa majibizano: mtunzi aliuliza, mwingine akajibu toleo la baadaye, na sifa za gazeti lenyewe zikawa miongoni mwa mada zilizopendwa. Humo ndimo jina la Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, lilipojulikana kabla hajawa na kitabu. Wakati Kusadikika kilipotoka 1951 na Adili na Nduguze 1952, tayari walikuwapo wasomaji waliomtambua kwa kumsoma gazetini mwezi baada ya mwezi.

Barua zake kwa ndugu yake Yusuf Ulenge, za 1931 hadi 1958, zilizohaririwa na M. M. Mulokozi na kuchapwa 2002, ni hazina ya pekee kwa suala hili. Katika bahasha moja mnakutana mambo ya familia, kazi na uandishi. Ulenge naye alikuwa mwandishi, mwenye Nguzo ya Maji. Basi hapa mtunzi na msomaji wake wa karibu wanabadilishana nafasi, na mtu anaweza kuona fasihi ya Tanga ikijadiliwa nje ya ofisi yoyote ya kibali. Inasikitisha tu kwamba vitabu kama Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilisubiri hadi 1968, miaka sita baada ya kifo cha mtunzi, ndipo wasomaji wa kawaida wavipate. Hapo udhaifu wa mapendekezo ya mdomo unajitokeza: yanaweza kuuhifadhi mswada, hayawezi kuuchapa.

Kuanzia 1948 Shirika la Maandiko la Afrika Mashariki lilijaribu kuifanya kazi ya kuzungusha vitabu kwa mpango, kwa masanduku ya vitabu na maktaba za posta, na baada ya Uhuru Bodi ya Huduma za Maktaba, iliyoundwa kwa sheria ya 1963, ikairithi. Sanduku lilikuja na vilivyochaguliwa na mtu wa mbali. Lakini aliyekuwa na daftari la waazimaji aliweza kuona jambo ambalo ofisi kuu haikuliona: kipi kinarudi kimechakaa na kipi kinarudi kama kilivyokwenda.

Mwaka 1971 Shirika hilohilo lilichapa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Riwaya ilipigwa marufuku mashuleni kwa jinsi ilivyoeleza mapenzi na maisha ya wasichana wa shule, na marufuku hayo yakawa pendekezo lenye nguvu kuliko kibali chochote kilichowahi kuchapwa. Vijana waliisoma kwa kuazimana, nakala ikipita mikono mingi kama chuo cha zamani. Miaka ilipopita ikaingizwa kwenye orodha ya vitabu vya shule, na wanafunzi wakaanza kuisoma kwa ajili ya mtihani.