Shuka la Kikojozi

Kiswahili kina neno moja kwa mtoto akojoaye kitandani, nalo ni kikojozi. Limejengwa kama kinyozi na kiongozi. Kinyozi ni mtu ambaye kunyoa ndiyo kazi yake, na kiongozi vivyo hivyo katika kuongoza. Basi mtoto aliyelowesha tandiko lake, akiisha kuitwa kikojozi, amepewa jina kana kwamba jambo hilo ni kazi aliyojichagulia, hali alikuwa usingizini. Nadhani sisi waalimu wa mabweni hatuupimi uzito wa neno hili. Tena kulipokucha na shuka limelowa, hapana budi lifuliwe. Nani alifue, na kwa maana gani? Swali hili dogo lina historia yake.

Thomas Phaer, Mwingereza aliyekuwa mwanasheria na tabibu, aliandika kitabu cha maradhi ya watoto katikati ya karne ya 16, akatia ndani yake sura juu ya kukojoa kitandani. Dawa zake zatuchekesha leo, maana mojawapo ni koo la jogoo lililochomwa na kusagwa unga. Lakini aliliweka jambo hili kati ya maradhi, wala si kati ya makosa.

Hekima hiyo haikufika katika shule zote. Mwandishi George Orwell alipelekwa shule ya bweni huko Uingereza mwaka 1911, akiwa na miaka 8. Huko akaanza tena kulowesha kitanda, naye akachapwa. Insha aliyoiandika juu ya siku zile ilichapishwa Marekani mwaka 1952, miaka miwili baada ya kufa kwake. Humo aeleza jinsi alivyosadiki, angali mtoto, kwamba mtu aweza kutenda dhambi pasipo kujua wala kutaka. Sisi tufundishao kwamba dhambi yataka ridhaa ya moyo, na tusome maneno hayo polepole. Fimbo nayo ilikuwa ikifundisha katekisimu yake.

Wakati huo huo madaktari walikuwa wakitafuta njia nyingine. Mwaka 1904 daktari wa watoto Meinhard von Pfaundler alieleza habari za chombo cha umeme kilichowekwa kitandani mwa mtoto hospitalini, ili kengele ilie akilowesha, na wauguzi wapate kumbadilisha upesi. Ikaonekana kwamba baadhi ya watoto waliacha kukojoa kitandani, jambo ambalo halikutazamiwa. Mwaka 1938 Mmarekani Hobart Mowrer na mkewe Willie Mae walitangaza kwamba watoto 30 waliotumia kengele ya namna hiyo walipona wote. Kengele sasa haikulia kwa ajili ya muuguzi. Ilimwamsha mtoto mwenyewe.

Ndipo mwaka 1974 wataalamu watatu wa Marekani, Azrin, Sneed na Foxx, walipoleta mafundisho makali zaidi. Kitanda kikilowa, mtoto alikemewa, akapelekwa chooni, kisha yeye mwenyewe abadili nguo zake, aondoe mashuka, atandike upya. Hayo waliyaita mafunzo ya usafi. Baada yake alale, ahesabu hata 50, aondoke aende chooni, arudi. Na hivyo mara 20. Kwa mawazo yao kufua na kutandika hakukuwa adhabu, bali ni tokeo la jambo lenyewe, kama amwagaye maji apaswavyo kuyapangusa. Hoja hiyo si mbaya. Lakini mtoto aliyeamshwa saa nane ya usiku, akakemewa, akaambiwa arudie mara ishirini, atajuaje kwamba hiyo si adhabu? Tena waliochunguza baadaye waliona kwamba kengele ndiyo iliyofanya sehemu kubwa ya kazi.

Mwaka 2010 taasisi ya NICE ya Uingereza ilitoa mwongozo kwa madaktari. Ulikataza adhabu, ukasema pia mafundisho yale ya 1974 yasitumiwe. Juu ya zawadi ulitoa neno la busara: mtoto asiahidiwe zawadi kwa usiku mkavu, kwa kuwa hilo halimo katika uwezo wake, asifiwe kwa yale awezayo, yaani kunywa vizuri mchana, kwenda chooni kabla ya kulala, na kusaidia kubadili mashuka. Tazama, shuka ni lile lile. Katika 1974 lilibadilishwa kwa kemeo, na sasa mtoto hulibadilisha akapata sifa.

Katika bweni, tofauti hiyo yategemea vitu vidogo. Mwalimu aseme, "Shuka limelowa, twende tulibadili," asimwite mtoto kwa lile jina la kazi. Shuka la pili likae mahali awezapo kulifikia bila kuomba ufunguo, na ndoo vivyo hivyo. Na kamba ya kuanikia ifungwe nyuma ya nyumba, isiwe mbele ya darasa.