Wikipedia: Makala isiyo na chanzo haina tofauti na uvumi

Na Mwandishi Wetu

MACHI 2009, saa chache baada ya kutangazwa kifo cha Maurice Jarre, Mfaransa aliyetunga muziki wa filamu ya Lawrence of Arabia, mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu mjini Dublin, Ireland, alifungua makala ya marehemu katika kamusi elezo ya Wikipedia na kuongeza maneno aliyoyabuni mwenyewe, akidai kuwa yalisemwa na Jarre. Hakuonyesha chanzo chochote.

Wahariri wa kujitolea wa Wikipedia waliyafuta kwa sababu hayakuwa na chanzo, lakini mwanafunzi huyo akayarudisha. Wakati huo waandishi wa habari waliokuwa wakikimbizana na muda walikwisha kuyanakili, na yakachapishwa katika magazeti ya nchi mbalimbali, likiwamo The Guardian la Uingereza. Udanganyifu huo ulifahamika zaidi ya mwezi mmoja baadaye, mwanafunzi mwenyewe alipoyaandikia magazeti hayo kueleza kuwa alikuwa akifanya jaribio.

Kisa hicho kinaonyesha kwamba kamusi elezo inayoandikwa na watu wote haiwezi kuaminika kwa sababu ya jina la mwandishi wake. Kinachoipa heshima ni chanzo ambacho msomaji anaweza kukifuata na kujihakikishia mwenyewe.

Wikipedia ilianzishwa Januari 15, 2001 na Jimmy Wales na Larry Sanger, raia wa Marekani. Toleo la Kiswahili lilianza mwaka 2003. Makala zake nyingi ni fupi, na wahariri wake ni wachache mno wakilinganishwa na wale wa Kiingereza. Kwa hiyo kosa likishaingia, laweza kukaa muda mrefu bila kuonekana, huku wanafunzi wakilinakili katika madaftari yao.

Nini huhitaji chanzo

Si kila sentensi inayohitaji tanbihi. Hakuna atakayebisha kwamba Nairobi ni mji mkuu wa Kenya. Lakini takwimu, tarehe, maneno yaliyonukuliwa, madai yenye ubishi na habari zozote nzito kuhusu mtu aliye hai hazina budi kuthibitishwa. Dai la kumchafulia mtu jina lisilo na chanzo halisubiri mjadala. Huondolewa mara moja.

Chanzo bora ni kile kilichopitia mikono ya mhariri na kisichotegemea mhusika mwenyewe: kitabu cha mchapishaji anayejulikana, jarida la kitaaluma au gazeti lenye sifa ya kusahihisha makosa yake. Wengi hudhani kuwa chanzo ni lazima kipatikane katika intaneti. Sivyo. Kitabu cha Kiswahili kilichomo maktabani kinakubalika, mradi zitajwe habari zake: mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka na ukurasa.

Aidha, kuna mtego wa mduara. Gazeti hunakili kosa kutoka Wikipedia, kisha mhariri mwingine hulitumia gazeti hilo hilo kama ushahidi wa kosa lile. Dawa yake ni kulinganisha tarehe: ikiwa dai lilikuwamo katika makala kabla ya gazeti kulichapa, tafuta ushahidi wa zamani zaidi. Ukurasa wa historia ya kila makala huonyesha nani aliongeza nini, na lini.

Utangulizi ni mlango

Wasomaji wengi hawavuki aya ya kwanza. Kwa sababu hiyo sentensi ya kwanza yapasa kujibu swali moja tu: kitu hiki ni nini, au mtu huyu ni nani? Kuandika kwamba "Shaaban Robert ni gwiji asiye na mfano" ni kumsifu bila kumweleza. Lakini ukiandika, "Shaaban Robert (1909–1962) alikuwa mshairi na mwandishi wa riwaya na insha kutoka Tanganyika, aliyeandika kwa Kiswahili," msomaji amekwisha kupata wakati, mahali, kazi na lugha. Sentensi inayofuata yaweza kutaja kitabu chake Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951.

Baada ya hapo utangulizi hufupisha mambo makuu ya makala nzima, yakiwamo yale yasiyompendeza mhusika. Usilete jambo ambalo halikuelezwa chini yake. Kwa kawaida aya nne ndizo kikomo, na makala fupi hutosheka na moja.

Pa kuanzia

Anayetaka kusaidia achague makala moja anayoifahamu. Kwanza asome yote na kuweka alama penye madai yasiyo na ushahidi. Pili, atafute vyanzo na kuvisoma yeye mwenyewe, kwani kuweka tanbihi ya kitabu ambacho hukukifungua ni udanganyifu wa aina nyingine. Tatu, aeleze habari kwa maneno yake, maana kunakili aya za watu ni kuvunja haki ya mtunzi. Lisilothibitika aliondoe, na aeleze sababu katika ukurasa wa majadiliano. Utangulizi auandike mwisho, akishajua makala inasema nini.

Kwa waandishi wa habari, somo la mwaka 2009 ni chungu zaidi. Mara ile wahariri wasiolipwa waliuliza swali ambalo wenye kulipwa hawakuliuliza: habari hii imetoka wapi?