Stock ya Karani, Stock ya Babu

Wiki jana mwanafunzi wangu mmoja alitafsiri sentensi ya Kiingereza kuhusu Machakos ya mwaka 1938. Palipoandikwa destocking akaweka "kupunguza bidhaa dukani". Darasa zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka sana, maana kijana hakuwa mbali na ukweli kama wenzake walivyodhani.

Neno stock, msomaji wangu, lilianza likiwa gogo au kisiki cha mti, kisha likachipua matawi mengi mno. Kitako cha bunduki ni stock kwa kuwa kilichongwa kwa mti, na mkatale uliobana miguu ya mfungwa ni stocks. Shina likawa pia ukoo: mtu akisemwa ni wa stock fulani, inatajwa nasaba yake. Halafu kuna akiba: bidhaa za mwenye duka (siku hizi tunasema stoki imeisha), hisa zinazouzwa katika Soko la Hisa la Nairobi lililoanzishwa 1954, na mifugo ya mfugaji. Hata mchuzi wa mifupa unaowekwa tayari jikoni huitwa hivyohivyo.

Basi turudi Machakos. Maafisa wa serikali ya kikoloni waliona udongo unamomonyoka, wakakata shauri kwamba ng'ombe wamezidi malisho. Mmomonyoko ulikuwepo kweli, tusidanganyane. Lakini malisho yenyewe yalikuwa yamemegwa. Milima ya Mua, kwa mfano, ilikuwa mikononi mwa walowezi. Mwaka 1938 ng'ombe wakaanza kutwaliwa kwa nguvu na kupigwa mnada. Wakati huohuo kampuni ya Liebig, iliyojulikana duniani kwa rojo lake la nyama, ilikuwa imejenga kiwanda Athi River, nacho kilihitaji ng'ombe wa bei rahisi. Yaani stock ya zizini ilikuwa njiani kuwa stock ya chunguni!

Julai mwaka huo Wakamba zaidi ya elfu moja, wake kwa waume, walikwenda Nairobi kumtaka Gavana Brooke-Popham awasikilize. Kiongozi wao alikuwa Muindi Mbingu wa Ukamba Members Association, ambaye leo barabara moja ya Nairobi ina jina lake. Walipiga kambi huko kwa wiki kadhaa. Muindi alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu, ila kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kutwaa ng'ombe kwa nguvu.

Babu yangu aliyaona hayo akiwa kijana. Alipotusimulia hakutaja idadi hata mara moja. Alimtaja ng'ombe kwa jina lake, akamtaja mama wa ng'ombe huyo aliyeingia bomani kwa mahari ya dada yake, na ndama aliyekuwa ameahidiwa wakwe. Karani aliyeshika daftari alihesabu akiba ghalani, ambayo ikizidi hupunguzwa. Babu alikuwa anaona shina la ukoo likikatwa. Maana zote mbili zimo ndani ya neno lilelile la Kiingereza, na mwanafunzi wangu alikuwa ameipata ya karani.

Nilimpa nusu alama. Nikamwambia katika mtihani aandike "kupunguza mifugo", kwani ndivyo vitabu vinavyosema. Babu mwenyewe alisema "kunyang'anywa".