Alikuwa Amevaa Shati la Bluu

Kila tangazo la mtu aliyepotea hapa kwetu lina sentensi moja isiyobadilika. Liwe limesomwa redioni, limebandikwa mlangoni mwa ofisi ya kata au limerushwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, utakuta jina, umri, kimo, halafu: "mara ya mwisho alionekana akiwa amevaa..." Shati la bluu, suruali ya kaki, kandambili. Au gauni la maua na kanga begani. Sisi wengine tunaipita sentensi hiyo haraka. Aliyeiandika aliifikiria sana, kwa sababu anajua jambo ambalo hataki kulitamka: huenda mtu wake akapatikana akiwa hatambuliki tena kwa uso.

Uso ndio unaotangulia kupotea. Maji, moto, jua na wanyama haviubakizi. Nguo hukawia kidogo. Poliesta na nailoni hudumu ardhini kuliko pamba, na zipu, vifungo na chuma cha mkanda hudumu zaidi. Kwa hiyo historia ya kuwarudishia wafu majina yao ni, kwa sehemu kubwa, historia ya nguo. Na walioisoma nguo vizuri mara nyingi hawakuwa madaktari wala polisi. Walikuwa mama, dada, wake na mafundi cherehani, watu wasio na cheti chochote cha kazi hiyo.

Chukua Rwanda. Aprili 2018, miaka 24 baada ya mauaji ya kimbari, makaburi ya halaiki yaligunduliwa Kabuga, nje kidogo ya Kigali. Juu yake watu walikuwa wamejenga nyumba na kuishi. Miili ilipoanza kutolewa, hakukuwa na uso wa kuangaliwa. Kilichokuwepo ni nguo. Zikatandazwa, na manusura wakapita wakiziangalia moja moja, wakitafuta sketi, sweta, shati la mtoto. Wapo waliolia papo hapo, kwa kuwa wameona kitu wanachokijua. Ukienda kanisa la Nyamata, kusini mwa Kigali, nguo za waliouawa humo Aprili 1994 zimelundikwa juu ya mabenchi mpaka leo. Mgeni anaona lundo la vitambaa vilivyopoteza rangi. Aliyefiwa na watu wake pale haangalii lundo. Anatafuta nguo moja.

Kazi kama hiyo ilifanyika Bosnia, na huko tunaona nguvu yake na mipaka yake kwa pamoja. Baada ya mauaji ya Srebrenica ya Julai 1995, ambako wanaume na wavulana wapatao 8,000 waliuawa, wauaji walirudi na mashine kufukua makaburi na kuhamishia miili kwingine ili kuficha ushahidi. Mifupa ya mtu mmoja ikaja kupatikana kwenye makaburi mawili au matatu tofauti. Shirika la Msalaba Mwekundu likachapisha kitabu cha picha za nguo na vitu vilivyokutwa na maiti, kikapelekwa kwa familia. Hebu fikiria kufungua kitabu cha namna hiyo. Wanawake waliketi wakipekua ukurasa baada ya ukurasa, wakitafuta soksi walizofuma kwa mikono yao au kiraka walichoshona wenyewe. Kiraka hakidanganyi. Kila mkono una mshono wake.

Lakini nguo kwa ujumla inaweza kudanganya. Srebrenica ilikuwa imezingirwa kwa miaka mitatu, na nguo za msaada zilifika kwa marobota. Wanaume mia walivaa koti la aina moja. Ndugu waliazimana mashati, na wapo waliobadilishana nguo njiani wakati wa kukimbia. Ndiyo maana tangu mwaka 2001 kipimo cha vinasaba, yaani kulinganisha damu ya ndugu walio hai na mfupa wa marehemu, kikachukua nafasi ya kwanza. Karibu watu 7,000 wametambuliwa. Hata hivyo vinasaba vilihitaji mahali pa kuanzia: familia iliyokubali kutoa damu. Na kuna familia ambazo zilianza kuamini kwamba mtu wao hayupo tena siku zilipoona shati.

Marekani nako kuna kundi kubwa la watu wa kawaida wanaofanya upelelezi huu kwa kujitolea, usiku, baada ya kutoka kazini. Aliyewafungulia njia ni Todd Matthews, kibarua wa kiwandani Tennessee. Mwaka 1968 mkwe wake, kabla hajawa mkwe wake, alikuta mwili wa mwanamke umeviringishwa kwenye turubai kando ya barabara huko Kentucky. Wakamwita Msichana wa Hema. Matthews alilivalia njuga suala hilo kwa takriban miaka kumi, mpaka alipokutana na tangazo la dada mtu aliyekuwa akimtafuta ndugu yake. Mwaka 1998 vipimo vikathibitisha ni yeye. Kati ya vitu vilivyozua mjadala ni kitambaa cheupe kilichokutwa na mwili. Wengine walidhani ni taulo. Matthews alikiona kuwa ni nepi ya mtoto. Na kweli, marehemu alikuwa ameacha mtoto mchanga.

Kuna kisa kingine cha huko huko kinachofundisha kinyume chake. Aprili 1981, jimboni Ohio, alipatikana binti aliyevaa koti la ngozi ya paa lenye nyuzi za kuning'inia. Koti lile lilikuwa la aina yake kiasi kwamba likawa ndilo jina lake kwa miaka 37. Maelezo yake yalitangazwa tena na tena. Haikusaidia kitu. Mwaka 2018 ndipo watu wa kujitolea wa DNA Doe Project walipompata kwa kufuatilia vinasaba vya ukoo wake. Koti la pekee namna ile, na bado halikusema! Sababu ni rahisi: halikufika mbele ya macho ya mtu aliyelijua. Nguo ni nusu ya ushahidi tu. Nusu nyingine iko kwenye kumbukumbu ya mtu fulani, na mtu huyo asipoulizwa, nguo inabaki kitambaa.

Sasa lete jambo hili hapa Masama. Siku ya soko pale Kwa Sadala, au ukishuka mpaka Memorial, Moshi mjini, tunanunua mitumba iliyovuka bahari. Mkulima wa kahawa anapalilia kihamba akiwa na fulana ya timu ya shule ya Ohio ambayo hajawahi kuisikia. Mpelelezi wa kigeni akisoma lebo ya fulana hiyo, itampeleka kiwandani Honduras au Bangladesh. Haitampeleka kamwe kwenye mgomba wa mwenye fulana. Taarifa yenye maana imeingia baadaye: suruali iliyopunguzwa na fundi wa kijijini, kifungo cha rangi nyingine, mfuko wa siri ulioshonwa kwa ndani wa kuwekea pesa ya mauzo, jina la mtoto lililoandikwa kwa kalamu kwenye kola ya sweta la shule. Vitu hivyo havijaandikwa popote. Anavijua aliyeifua nguo ile na kuianika. Mara nyingi ni mwanamke, na mara nyingi hakuna anayemwita shahidi.

Uzito wa jambo hili Kilimanjaro ni mkubwa kwa sababu ya ardhi yenyewe. Mchaga akifia Dar es Salaam au Mwanza anarudishwa kuzikwa kihambani, kati ya migomba, karibu na masale. Michango inachangwa, gari linakodiwa, watu wanakesha barabarani. Mtu asiye na kaburi nyumbani ni deni ambalo ukoo haujalilipa. Na mlima huu una deni la zamani kuliko yote ninayoyajua.

Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani waliwanyonga viongozi 19 Old Moshi, Mangi Meli akiwa mmojawao. Baba yake, Mangi Rindi, alikuwa amepokea misafara kutoka pwani na vitambaa vya merikani na kaniki vilivyokuwa fedha ya njia zile. Meli mwenyewe aliwashinda Wajerumani mwaka 1892 kabla hawajarudi na nguvu kubwa zaidi. Simulizi za Old Moshi zinasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Wakati huo Felix von Luschan wa jumba la makumbusho la Berlin alikuwa akikusanya mafuvu kwa maelfu, akitegemea maofisa wa makoloni kumletea.

Angalia kilichofanywa hapo. Fuvu lililofika Berlin halikuwa na nguo, hereni, shanga wala ngozi. Kila alama ambayo mke au dada angeitambua ilikuwa imeondolewa, na mahali pake pakawekwa namba. Mtu aligeuzwa kuwa asiyejulikana kwa makusudi, na watu waliojua vizuri kabisa walikomtoa.

Wajukuu hawakukubali. Isaria Meli, mjukuu wa Mangi, ametumia miongo kadhaa kuuliza, kuandika barua na kupokea wageni wenye ahadi. Mtu wa kijijini, amejifanya mpelelezi kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Alitoa sampuli ya vinasaba vyake ilinganishwe na mafuvu yaliyoko Berlin. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba kati ya mafuvu 1,135 ya Afrika Mashariki iliyoyachunguza, 202 yalitoka eneo ambalo leo ni Tanzania. Septemba mwaka huo yakatangazwa majibu ya vinasaba: mafuvu matatu ya ukanda huu yalikuwa yamewapata ndugu zao walio hai. Moja lilikuwa la mshauri wa Mangi Meli. Mangi mwenyewe hakuwamo.

Mshauri huyo alifikiwaje kati ya mamia yale? Juu ya fuvu lake palikuwa pameandikwa neno moja: akida. Cheo tu, si jina. Aliyeliandika hakuwa na nia ya kumrudisha mtu kwao. Lakini neno hilo liliwaongoza watafiti kwenye ukoo fulani, ukoo ukatoa sampuli, na mlango ukafunguka. Neno lile ndilo lililokuwa shati lake la bluu.

Ndiyo maana naona tunapaswa kuwa wakali kuhusu jambo dogo. Maiti isiyo na mwenyewe ikiokotwa mtoni au kando ya barabara kuu ya Arusha, kabla halmashauri haijaizika, nguo zipigwe picha mbele na nyuma. Zigeuzwe nje ndani, ionekane mishono, viraka, mifuko na vifungo. Picha zihifadhiwe pamoja na tarehe na mahali pa kaburi, na ndugu wanaotafuta waonyeshwe nguo kwanza. Haihitaji maabara, inahitaji simu na daftari. Na tunapoandika tangazo la mtu aliyepotea, tusiishie kwenye rangi. Tumuulize aliyemfulia kama kuna kifungo kilichobadilishwa.