Albatrosi wawili wa mdomo wa manjano: Ni ndugu, lakini si wamoja

Kwa miaka mingi wataalamu walimhesabu albatrosi wa mdomo wa manjano kuwa spishi moja. Mnamo 1998 pendekezo la kuigawa lilichapishwa, na sasa kuna wa Atlantiki na wa Bahari Hindi. Wote wamo hatarini kuangamia.

Kwa aliye chomboni, kuwatofautisha si kazi rahisi. Kila mmoja ana mabawa ya takriban mita 2 yakikunjuliwa, na mdomo mweusi wenye mstari wa manjano juu yake. Wa Atlantiki ana kichwa cha kijivu, na mstari huo huishia kwa mviringo karibu na paji la uso. Mwenzake ana kichwa cheupe, kijivu kidogo tu mashavuni, na mstari wake huchongoka. Ndege wachanga, ambao midomo yao ingali myeusi mitupu, huwababaisha hata wajuzi.

Wa Atlantiki huzaa katika visiwa vya Tristan da Cunha na Gough, viota vikiwa mbalimbali, aghalabu kati ya mimea. Wa Bahari Hindi huzaa katika visiwa kadhaa vya kusini, lakini wengi wao husongamana kwenye magenge ya kisiwa cha Amsterdam, milki ya Ufaransa. Msongamano huo ndio balaa lao. Kipindupindu cha ndege kikizuka, makinda hufa kwa wingi wakiwa wachanga. Kwa kuwa jike hutaga yai moja tu kwa mwaka, pengo hilo halizibiki upesi. Huko Gough adui ni panya walioletwa na meli, nao hushambulia makinda wangali hai. Juhudi za kuwaangamiza panya hao mwaka wa 2021 hazikufaulu.

Baharini, ndugu hawa hukutana na kifo kile kile. Meli za kuvua jodari hutandaza mishipi mirefu yenye maelfu ya ndoana. Ndege hurukia chambo kabla hakijazama, hunaswa na kuzama nacho. Mwaka wa 2012 nchi wanachama wa tume ya jodari ya Bahari Hindi, Kenya ikiwemo, zilikubaliana kwamba meli za mishipi hiyo zilizo kusini ya nyuzi 25 zitumie angalau njia mbili kati ya tatu: kutega usiku, kuifunga mishipi uzito, au kuburura kamba za kuwatisha ndege. Albatrosi wa Atlantiki, anayetafuta riziki hadi pwani za Brazil na Namibia, hutegemea kanuni za mamlaka nyingine.