Manyatta ya Wajir na somo la kumaliza dozi

Miaka yote niliyofanya uuguzi wa kifua kikuu hapa Garissa, maofisa waliotutembelea kutoka Nairobi waliniuliza swali lile lile: mbona wafugaji hawamalizi dawa? Niliwaelekeza Wajir, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara kaskazini mwetu, ambako swali hilo lilijibiwa kabla sijavaa sare.

Hadi miaka ya 1970, tiba ya kifua kikuu ilichukua mwaka mmoja au mmoja na nusu: kwanza sindano za streptomaisini, halafu vidonge vya isoniazidi na thiasetazoni. Mwenye ngamia hawezi kungoja muda huo mahali pamoja. Mvua ikinyesha kwingine, boma linahama, na mgonjwa anahama nalo. Kikohozi kikipoa, vidonge vinaachwa. Vimelea vilivyobaki huzoea dawa, na ugonjwa ukirudi, dawa ile ile haifui dafu.

Miaka hiyo hiyo, watafiti wa Afrika Mashariki na wenzao wa Uingereza walionyesha, katika matokeo yaliyoanza kuchapishwa mwaka 1972, kwamba rifampisini ikiongezwa, tiba inaweza kwisha kwa miezi 6. Likabaki jambo moja gumu: nani atakaa karibu na dawa miezi hiyo yote?

Mwaka 1976, Annalena Tonelli, Mwitalia aliyesomea sheria na kufika Kenya mwaka 1969 kama mwalimu, alipewa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani mjini Wajir. Hakuwalazimisha wagonjwa kulala wodini. Aliwaalika wapige kambi, yaani manyatta, mbele ya kituo alimokuwa akihudumia walemavu, wajenge vibanda vyao vya fito na mikeka kama walivyozoea. Dawa zilimezwa mbele ya mhudumu, na miezi 6 ikatimia bila mtu kuvuliwa maisha yake.

Mwaka 1984 alipaza sauti dhidi ya mauaji yaliyofanywa na vikosi vya usalama katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, na mwaka 1985 akafukuzwa nchini. Aliuawa kwa risasi Borama, Somaliland, Oktoba 2003, mwaka ule ule aliopewa Tuzo ya Nansen ya wakimbizi. Utaratibu wa kumeza dawa chini ya uangalizi, ambao daktari Karel Styblo naye aliujengea mpango wa taifa Tanzania, Shirika la Afya Duniani liliueneza kote duniani katika miaka ya 1990.

Mimi niliurithi utaratibu huo, na niliona kwamba kumtazama mtu akimeza hakutoshi. Rifampisini hugeuza mkojo kuwa rangi ya machungwa. Asiyeambiwa mapema hudhani ni damu, naye huacha dawa siku hiyo hiyo. Dawa hiyo pia hupunguza nguvu za vidonge vya kupanga uzazi, jambo ambalo mama anapaswa kuelezwa faraghani, si mbele ya mashemeji waliomsindikiza.

Mama mmoja aliniambia, "Abaayo, dada yangu, kifua kimepona. Hivi vilivyobaki nimemwekea mke wa kaka, naye anakohoa." Moyo wake ulikuwa mwema, lakini vidonge hivyo vingewaumiza wote wawili: yeye angekatiza dozi, na wifi yake angeanza tiba bila kupimwa makohozi wala kupewa dozi kamili. Nilimwomba amlete. Alimleta, akapimwa.

Ndiyo maana sikubali wafugaji waitwe wakaidi. Wajir walimaliza dawa pale tiba ilipopangwa kwa kufuata maisha yao. Leo dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika hospitali za serikali, lakini mgonjwa bado anaweza kupewa za mwezi mzima bila kuulizwa anaelekea wapi. Wauguzi wanangu, kabla ya kumkabidhi mtu pakiti, mwulizeni atakuwa malisho gani itakapokwisha, na zahanati ipi iko njiani. Iandikeni kwenye kadi yake, kisha ipigieni simu zahanati hiyo akiwa bado amekaa mbele yenu.